Kamera Inayoamkia Wazee

Jumapili, Machi 2

Dada yangu mpenzi, shikamoo. Ni mimi mdogo wako, na mwandiko ni wangu mwenyewe, usicheke. Kwenye simu wewe unasema haloo, mimi nasema haloo, mpaka inakatika hatujasemezana kitu. Basi nimetafuta daftari. Nitakuandikia kidogo kidogo msimu huu wa mvua, akipatikana wa kuja huko nitampa.

Huku hatujambo. Baba watoto hajambo ila mgongo, na huo mgongo unazidi kila akiombwa apande kuziba bati. Mama mkwe hajambo, anakusalimu sana. Macho yamezidi ukungu lakini masikio ni yale yale, mtu akifungua sufuria jikoni yeye kule chumbani anauliza nani kaonja. Mwanangu wa kwanza hajambo, mkewe hajambo, mtoto wao ameota meno mawili ya chini na ametung'ata sote kwa zamu. Jirani wa kulia hajambo. Wa kushoto nadhani hajambo, wiki hii hatusalimiani, nimesahau kwa nini. Na Kitinda wangu, huyo mziwanda, hajambo kabisa. Miaka miwili amekuwa akibeba nyaya za watu wa filamu, sasa wamemkabidhi kamera aishike. Nimefurahi, na nimeogopa. Kitu kile kina bei ya nyumba, dada, na mtoto wangu hata sahani huivunja.

Jumanne, Machi 4

Mvua imeanza. Ndoo tatu sebuleni, sufuria moja chumbani kwa mama mkwe.

Alhamisi, Machi 6

Na mimi nimepata kazi hukohuko kwa watu wa filamu, ya kufua na kupiga pasi nguo za waigizaji. Wamekodi nyumba kuukuu ya ghorofa moja, nyuma ya karakana ya magari. Mimi nimepewa chumba cha chini chenye bomba na kamba nne.

Kazi za watu ni vituko. Kuna shati jeupe la mzee mwigizaji, mrefu, sauti nzito, ana uso wa mwalimu mkuu aliyekukuta nje ya darasa. Nikalifua, nikalinyoosha likasimama kama karatasi. Bibi mkubwa wao akalitazama akashika kichwa. "Mama, jana lilikuwa na mkunjo kwenye kiwiko. Leo mkunjo uko wapi?" Ikabidi nilikunje upya, palepale ulipokuwa, kwa kutazama picha. Miaka thelathini napiga pasi, leo nimegombezwa kwa kunyoosha.

Huyo bibi mkubwa ndiye anayeongoza filamu yote. Tunamwita Miwani, maana miwani yake inaning'inia shingoni na kila mara anaitafuta. Ni mdogo kwangu, hana salamu ndefu, anakaa sakafuni kama mtoto. Sijampenda.

Jumapili, Machi 9

Leo nimesoma shule, dada. Mwalimu ni Kitinda.

Nilimuuliza tu, kamera si unaishika na kubonyeza? Akacheka akasema, "Simama, mama. Miguu usisogeze. Mtazame baba kwenye kochi, halafu polepole mtazame bibi mlangoni." Nikafanya. "Hapo umegeuza shingo. Sasa tazama bati linapovuja, shuka na tone mpaka kwenye ndoo." Nikashuka nalo. "Hapo umeinamisha kichwa. Kamera nayo ina shingo, mama, ina kichwa, ina miguu. Kila inapojongea, anayetazama naye anajongea bila kujua."

Baba watoto akasema kutoka kwenye kochi, "Basi mimi ni kamera ya miguu mitatu. Nimewekwa, sijongei."

Halafu akanionyesha jambo ambalo bado nalitafuna. Alisimama mlangoni akakunja vidole jichoni kama darubini, akasema, "Hivi ni kumvuta mtu. Uso wake unakuwa mkubwa, lakini wewe uko palepale ulipokuwa." Halafu akaja, hatua kwa hatua, mpaka nikasikia pumzi yake. "Na hivi ni kumsogelea. Uso unakuwa mkubwa vilevile. Lakini tazama ukuta nyuma yako, tazama pembeni, kila kitu kimehama. Anayetazama anajua umekwenda kwa miguu yako."

Nikajiuliza ni watu wangapi nimewavuta tu maisha haya, nimekaa palepale. Na huyu kajifunza wapi haya yote, na mimi niliishia darasa la nne?

Jumatatu, Machi 17

Nguo hazikauki. Nimekausha soksi za mzee mwigizaji juu ya birika.

Jumatano, Machi 19

Sasa nimeelewa roho ya Kitinda iko wapi.

Filamu ni ya binti aliyekaa mbali miaka mingi bila kurudi kwa baba yake, halafu akarudi. Picha ya mwisho ndiyo kila kitu. Binti mwenyewe hatumwoni, kamera ndiyo macho yake. Inaingia mlangoni, inavuka chumba bila kukatwa hata mara moja, inamsogelea mzee aliyekaa kwenye kiti mpaka uso wake unajaa. Mzee anainua macho, anaitazama moja kwa moja, anasema, "Umechelewa." Basi. Mbao za sakafu zimepinda, reli za kutelezeshea kamera hazilali, kwa hiyo kamera lazima ibebwe begani na mtu.

Nyuma ya mzee kuna dirisha kubwa, na Miwani anataka mvua ya kweli itiririke pale na sauti yake kwenye bati. Walijaribu mpira wa maji, ikaonekana kama mtu anaosha gari.

Miwani amempa Kitinda picha hiyo. Akiiweza, ndiye mshika kamera, anaandikwa hivyo na kazi zijazo anaitwa hivyo. Akishindwa mpaka mvua ikate, anapewa Mabega, yeye anarudi kwenye nyaya. Mabega ni jamaa mpana anayeshika kamera nyingine. Mdomo wake nao ni mpana.

Jumanne, Machi 25

Wamejaribu mara nne leo. Mvua ilikuwa nzuri, ya kumwagika. Nilikuwa ukumbini na shati la akiba mkononi, nikachungulia kioo kidogo wanachoangalizia.

Dada, mtoto anatembea! Magoti yamelegea kidogo, kisigino kwanza, chumba kinakuja kama kinapumua. Niliona kiti, nikaona mikono ya mzee, nikaona shati langu na mkunjo wake. Uso ukaanza kujaa. Mzee akainua macho.

Na kamera ikainama.

Si sana. Kama mtu aliyeona kitu kwenye viatu vyake. Mzee akabaki kidevu na vifungo. "Kata," akasema Miwani. Mara ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Kitinda akaapa hajui kwa nini, akakagua mkono wa kamera, akakaza mikanda. Mara ya nne, mzee alipoinua macho tu, kamera chini.

Mabega akaiga sauti ya kizee, "Marahaba, mwanangu, marahaba!" Watu wote wakacheka. "Kamera ya huyu inapiga shikamoo," akasema. "Ukiipeleka msibani itatoa pole."

Kitinda akacheka nao. Mimi namjua mwanangu anapocheka na meno tu.

Jumatano, Machi 26

Hakula. Kasema ameshiba.

Jumapili, Machi 30

Dada, ni mimi. Ni mimi niliyeinamisha ile kamera.

Nilikuwa nachambua mchele, mama mkwe akamwita Kitinda amuulize kuhusu dawa zake. Kitinda akasimama mbele yake, mikono nyuma, macho kwenye vidole vya miguu. Mtu wa miaka ishirini na mitatu! Na bibi mwenyewe haoni. Nikaacha mchele.

Kwangu ilikuwa sheria, ukisemeshwa na mkubwa, macho chini. Wewe ndiye uliyenilea hivyo mama alipotuacha, nami nikawalea hivyo. Watu walinisifu. Nilitembea kifua mbele kwa adabu ya watoto wangu.

Na kuna siku moja. Alikuwa na miaka saba. Mama mkwe alikuwa anamgombeza kwa kikombe kilichovunjika, na yeye akawa anamtazama usoni, macho makavu, hapepesi. Nilimzaba kofi mpaka akakaa chini. Kikombe kile, nilijua baadaye, hakuvunja yeye. Sikumwambia kitu. Mzazi anamwambiaje mtoto?

Alhamisi, Aprili 3

Mara tatu tena. Chini, chini, chini. Ya mwisho ilichelewa kidogo, nikashika pumzi, kisha ikashuka.

Nilidhani Miwani atafoka. Hakufoka. Alilala chali kwenye mbao, nguo nzuri na vumbi lote lile, akatazama kiti kutoka chini, akapiga magoti, akasimama, akatembea njia yote kwa macho yake mwenyewe. Halafu akamwambia Kitinda taratibu, "Hatua zako nazipenda kuliko za mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Lakini unafika mlangoni kwa mtu halafu hugongi." Nilikuwa nimemhukumu vibaya huyu mwanamke. Anayejilaza sakafuni ili aone unachokiona wewe, huyo anakuheshimu kuliko mwenye salamu ndefu.

Jumanne, Aprili 8

Siku tatu bila tone. Jirani wa kushoto ameanika magodoro na anaimba. Mimi natazama mbingu kama niliyepewa ahadi nayo. Baba watoto ananiuliza, "Wewe si ndiye uliyekuwa unalaani mvua?" Nikamwambia anyamaze apande azibe bati. Akanyamaza.

Jumamosi, Aprili 12

Nitaandika yote, hata kama kalamu itaisha.

Jana umeme ulikuwa umekatika nikapiga pasi ya mkaa. Leo mchana ikiwa imepoa na majivu nimemwaga, Kitinda akaipima mkononi. "Mama, uzito wa kamera ni huu huu." Akaiweka begani na taulo chini yake, akaanza kutembea nayo kutoka mlangoni hadi kwenye kochi. Nikasema, "Ngoja. Mimi ni mzee mwigizaji." Nikakaa kwenye kiti.

Akaja vizuri. Nikainua macho. Akatazama zulia.

"Nitazame."

"Nakutazama."

"Unatazama magoti yangu, na magoti yangu hayajasema kitu."

Akarudi mlangoni. Mara ya pili, zulia. Mara ya tatu, zulia. Nikaona jasho puani. "Mama, siwezi," akasema. "Macho yako yakipanda nahisi nimekutukana. Shingo inashuka yenyewe, sijaiagiza."

Mama mkwe akaita kutoka chumbani, "Mleteni kwangu! Mimi simwoni, anitazame mpaka achoke!" Tukacheka, tukaenda. Na kweli, kwa bibi aliweza. Alimsogelea na pasi begani mpaka karibu kabisa, na bibi naye akatoa macho yake yenye ukungu akasema, "Umechelewa! Chai imepoa!" Kitinda hakuinama. Lakini alipotoka akaniambia kwa sauti ndogo, "Haihesabiki. Yeye haoni kwamba namtazama."

Tukarudi sebuleni. Nikakaa. Nikanyoosha khanga kama mimi ndiye wa kupigwa picha. Akaja, hatua, hatua. Alipokaribia sikusema maneno ya filamu. Nilisema, "Siku ile ya kikombe hukukosa."

Akasimama. Pasi begani.

"Hukukivunja wewe. Na hata kama ungekivunja, kumtazama bibi yako hakukuwa kosa. Ulikuwa unasema kweli, na mwenye kusema kweli anatazama. Nilikupiga kwa sababu niliona aibu kwa wakubwa. Nisamehe, mwanangu."

Dada, sijawahi kusikia mzazi akisema neno hilo kwa mtoto. Wewe hukuniambia, mama hakukuambia. Nilidhani paa litaanguka. Halikuanguka, lilivuja tu, maana mvua ilikuwa imerudi na hatukuisikia.

Akainua macho. Taratibu, kama mtu anayepanda ngazi asiyoijua. Yakafika kwenye yangu yakabaki. Nami nikaogopa, nikataka kutazama pembeni, nikajikaza. Tulitazamana muda gani sijui. Halafu akasema, "Mama, una kovu dogo hapa, chini ya jicho."

"Ninalo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa. Niliangukia ndoo."

Akaweka pasi chini akalia. Mimi pia. Baba watoto akatoka chumbani na mgongo wake, akatukuta, akarudi alikotoka.

Jumatatu, Aprili 14

Mawingu. Hayana kitu.

Alhamisi, Aprili 17

Manyunyu. Miwani kasema hayatoshi, dirisha linatokwa jasho tu.

Jumanne, Aprili 22

Watu wa hali ya hewa walisema redioni kwamba msimu umekwisha. Saa nane mchana mbingu ikawa nyeusi kama chungu. Miwani akapiga kelele ya kwanza niliyowahi kuisikia kwake, "Kila mtu mahali pake!" Nilipanda ngazi mbio na shati, umri huu, nikamvalisha mzee mwigizaji huku nikikosea vifungo. Akaniambia, "Tulia, mama. Mkunjo wako hauna kasoro." Nikaenda ukumbini kwenye kioo.

Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Kitinda akaingia.

Sijui nikuelezeje. Kamera haikutembea, ilikuwa inarudi nyumbani. Ilipita mezani ikasitasita kidogo, kama mtu anayeona vitu vyake vya zamani. Ikaenda. Kiti. Mikono. Uso ukajaa, na nyuma yake maji yanatiririka dirishani. Mzee akainua macho.

Nikafumba yangu. Nikafumbua.

Kamera ilikuwa palepale. Inamtazama. Haikuinama, wala haikukodoa macho kama polisi. Ilimtazama kama mtoto anavyomtazama mtu wake. Na yule mzee, uso wa mwalimu mkuu ukamtoka. Midomo ikamcheza. Akasema, "Umechelewa." Halafu akasema neno ambalo halikuandikwa popote, "Lakini umefika."

Miwani hakusema kata. Mzee akashusha macho yake taratibu, kama wazee wanavyofanya wakikuruhusu uende. Na hapo Kitinda akafanya jambo ambalo hakuagizwa. Alianza kuondoka kinyumenyume. Kwangu mtoto hampi mzee mgongo, anarudi nyuma uso ukiwa kwake mpaka mlango umpokee, na yeye alitoka hivyohivyo na kamera begani. Uso wa mzee ukawa mdogo, kisha kiti, kisha chumba kizima na dirisha lake linalolia, mzee katikati yake peke yake. Watu tulisimama ukumbini hatupumui. Nyuma ya Kitinda kulikuwa na vidato vitatu vya kushuka! Nikafungua mdomo. Nikamwona Mabega amekwisha kujipenyeza nyuma yake, amemshika mkanda wa kiuno kwa vidole viwili, anamshusha kidato kimoja, cha pili, cha tatu, kama anayeshusha yai. Hata hakuwa ametumwa. Kumbe ule mdomo mpana una mikono nyuma yake.

"Kata."

Mvua tu. Miwani akauliza, "Nani amekwambia urudi nyuma?"

Kitinda akamtazama. Akamtazama usoni, dada. Akasema, "Hakuna. Mzee alikuwa amemaliza na mimi."

Miwani akatafuta miwani yake. Ilikuwa shingoni. Aliivaa, akaivua, akajifuta macho kwa shati langu la akiba nililolipiga pasi asubuhi. "Hiyo ndiyo filamu yangu," akasema. "Inaishia hapo."

Mabega akasema, "Jamani, mimi nilijua inapiga shikamoo, sikujua inaaga pia." Safari hii Kitinda alicheka kwa tumbo.

Alhamisi, Aprili 24

Nimefua mapazia yote nyumbani. Jua.

Jumapili, Aprili 27

Karatasi imekuja na jina lake, mshika kamera. Mama mkwe ameishika juu chini, akasema maandishi ni mazuri. Miwani anamtaka kwenye filamu nyingine, miezi minne, mji wa kwenu huko. Nilitaka kusema hapana, nikakuta nimemfulia nguo zote tayari. Anaondoka Jumanne, atafikia kwako, na daftari hili atalibeba yeye.

Dada yangu, nina ombi, nawe ndiye mkubwa wangu, sijawahi kukupinga. Atakapoingia kwako atakuamkia vizuri, hilo sijamfuta. Lakini ukimsemesha, atakutazama usoni. Usidhani amenishinda. Usimkemee. Vumilia kidogo, hata kama mashavu yatakuwaka, nawe mtazame. Utaona macho ya mama yetu yalivyo kwake, mimi nimeyaona juzi tu. Halafu chukua kalamu uniandikie upesi, mdogo wako nangoja mlangoni. Usiniambie kama amekonda. Niambie yeye ameona nini usoni kwako ambacho mimi, miaka yote hii, sikuthubutu kukitazama.